Zege Moja, Maabara Tisa: Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Majibu ya Maabara za Vifaa vya Ujenzi

Mkandarasi amemwaga zege la nguzo. Mkataba unataka kyubu, yaani vipande vya zege vya umbo la mchemraba vinavyovunjwa kwa mashine ili kupima nguvu, zifikishe megapaskali 30 siku ya 28. Maabara ya kwanza inatoa jibu la 27.8, kyubu pacha, ya zege lilelile, inapelekwa maabara ya pili na kurudi na 31.5. Kuanzia hapo ubishi hauhusu zege tena. Unahusu nani anaaminika, na mara nyingi huisha kwa mkandarasi kuihama kimyakimya maabara iliyotoa namba ndogo.

Kabla ya kumlaumu yeyote, tazama kiwango chenyewe kinavyosema. EN 12390-3, kinachoongoza uvunjaji wa kyubu, kimetoa takwimu za utawanyiko: kyubu mbili za milimita 150 za zege moja, zikivunjwa na maabara mbili tofauti zinazofuata utaratibu vizuri, zinaweza kupishana kiasi cha asilimia 13 ya wastani wao bila mtu kuwa amekosea. Majibu yale mawili yamepishana asilimia 12.5. Kwa hiyo kyubu mbili haziwezi kuamua kesi hii hata mkibishana hadi jioni. Swali lenye maana ni jingine: je, maabara ya kwanza huwa chini ya wenzake siku zote, au ilitokea tu siku ile?

Jibu la swali hilo hupatikana kwa njia moja, nayo ni maabara kadhaa kupima kitu kilekile wakati uleule bila kuoneana majibu. Mafundi sanifu wengi huiita kwa kifupi PT (proficiency testing). Hapa nitaiita ulinganisho wa maabara. ISO/IEC 17025 ya mwaka 2017, kiwango cha umahiri wa maabara, katika kifungu 7.7.2, inaitaka maabara ifuatilie utendaji wake kwa kujilinganisha na maabara nyingine pale inapowezekana na kufaa. Ukiomba ithibati, yaani utambuzi rasmi wa umahiri wa maabara, kwa KENAS nchini Kenya, au kwa SADCAS yenye makao Gaborone na inayohudumia Tanzania pia, mkaguzi atauliza ushahidi wa hilo mapema sana.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha maabara, tuseme tisa za mji mmoja, zinazotaka kuandaa raundi yao wenyewe ya kyubu za zege. Kama unashiriki tu raundi ya mtoa huduma anayefuata ISO/IEC 17043, kiwango cha waandaaji wa ulinganisho, anzia hatua ya sita. Majibu yote ninayoyakokotoa humu ni ya mfano.

Hatua ya 1: Kubalianeni mnachopima

Vikundi vingi huruka hatua hii kisha vikajuta wakati wa kusoma majibu. Jibu la kyubu lina safari tatu ndani yake: kutengeneza kyubu, kuikomaza majini, na kuivunja. Mkitaka kujua hali ya mashine na wanaoziendesha, tengenezeni kyubu zote mahali pamoja, zikomazwe kwenye tanki moja, zigawiwe siku mbili kabla ya kuvunjwa. Mkitaka kuona ukomazaji nao, gawaneni mapema, siku ya pili au ya tatu baada ya kufungua kalibu (kisanduku kinachojazwa zege). Mkitaka kila kitu, iteni mafundi wote kwenye zege bichi, kila mmoja ajaze kalibu zake.

Ushauri wangu ni kuanza na njia ya kwanza. Si kwamba ndiyo yenye maana kuliko nyingine. Kwa kweli ukomazaji ndipo penye vituko vingi huku kwetu. Kiwango kinataka maji ya nyuzi 20, juu au chini kwa 2, na tanki lisilo na kipoza maji Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari halikai hapo hata usiku. Lakini mkianza na kila kitu kwa mpigo, jibu likienda kombo hamtajua lilipotea safari ipi.

Hatua ya 2: Mratibu na kanuni za maandishi

Mratibu asiwe mshiriki. Ikibidi maabara yake ishiriki, anayeshika orodha ya namba za siri awe mtu mwingine asiyegusa mashine. Idara ya chuo au maabara ya taasisi ya umma hufaa, ingawa siku hizi nazo zinagombania kazi zilezile.

Andikeni ukurasa mmoja, kila mkuu wa maabara ausaini. Useme kila maabara itajulikana kwa namba ya siri tu, jibu likishatumwa halibadilishwi, hata kama mtu amekosea kuandika, siku na saa ya mwisho ya kutuma, kiwango kitakachofuatwa, na kwamba ripoti haitatumiwa kujitangaza wala kumchafua mwenzio kwenye zabuni. Hilo la mwisho lisipoandikwa, maabara yenye wasiwasi haitakuja kabisa, na hiyo ndiyo mnayoihitaji zaidi.

Hilo la kutobadilisha jibu huonekana la ukatili. Fundi ameandika 23.2 badala ya 32.2, kwa nini aadhibiwe? Kwa sababu mteja naye angepokea 23.2. Kosa la kalamu ni kosa la maabara.

Hatua ya 3: Zege na kalibu

Kyubu ngapi kwa kila maabara? Desturi ni tatu. Mimi naunga mkono sita, na hesabu yake ni fupi. Kwa takwimu zilezile za EN 12390-3, kyubu za zege moja ndani ya maabara moja hutawanyika kwa mchepuko sanifu (kipimo cha majibu kutawanyika kuzunguka wastani wake) wa kiasi cha asilimia 3.2. Kwa zege la megapaskali 32, hiyo ni kama megapaskali 1.0. Wastani wa kyubu tatu unabaki na mtikisiko wa 1.0 ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani kama 0.6. Kwa kyubu sita unashuka hadi 0.4. ISO 13528, kiwango cha takwimu za kazi hii, kinataka tofauti zinazotokana na sampuli zenyewe zisizidi sehemu 0.3 ya kipimo mtakachotumia kuhukumu. Kipimo chetu, kama utakavyoona mbele, kitakuwa 1.5, na 0.3 yake ni 0.45. Sita zinaingia humo, tatu haziingii.

Maabara tisa kwa kyubu sita ni 54. Ongeza 10 za kuhakiki usawa na 6 za akiba: 70. Kyubu moja ya milimita 150 ni lita 3.375, kwa hiyo mnahitaji kama lita 236 za zege zilizomo ndani ya kalibu. Kuchanganya kwa mashine ndogo ya yadi kwa mafungu kutawaharibia kazi, maana kila fungu litakuwa zege tofauti. Agizeni gari la zege kutoka kiwandani, walau mita moja ya ujazo. Msichukue zege la mwanzo wala la mwisho kutoka kwenye pipa la gari. La katikati ndilo linalofaa. Likusanyeni kwenye karatasi moja kubwa ya chuma, mligeuze kwa koleo hadi liwe moja, mpime slampu (ulaini wa zege bichi), ndipo mjaze.

Kalibu 70 ni ngumu kupatikana kuliko zege lenyewe. Kila maabara italeta zake, na zake hazifanani. Zipimeni siku moja kabla: upana usipotoke zaidi ya milimita 0.75 kutoka 150, pembe ziwe nyuzi 90, boliti zikaze. Kalibu iliyopinda hutoa kyubu yenye uso usiokaa sawasawa kwenye sahani ya mashine, na hapo hata maabara bora itapata namba ndogo isiyoistahili. Kalibu mbovu zitumike kwa kyubu za akiba.

Jazeni kwa mpangilio, na kila kyubu iandikwe namba ya foleni ya kujazwa, 1 hadi 70. Namba hizi ni mali. Kila maabara ipewe kyubu mbili za mwanzo wa foleni, mbili za katikati na mbili za mwisho, kwa kura ndani ya kila kundi. Hivyo kama zege lilibadilika kidogo tangu mwanzo wa ujazaji hadi mwisho, mabadiliko hayo yatagawanyika kwa wote.

Kyubu zote zishindiliwe na fundi mmoja au wawili kwa utaratibu mmoja, meza ya kutikisia ikiwepo ndiyo nzuri zaidi. Zifunikwe, zikae kama saa 24, zifunguliwe, ziingie majini.

Hatua ya 4: Hakikisheni sampuli ni sawa

Zile kyubu 10 ziteuliwe kwa kuruka, kwa mfano namba 4, 11, 18 na kuendelea, zivunjwe siku ya 28 na fundi mmoja, mashine moja, mfululizo. Angalia mambo mawili. Kwanza, mchepuko sanifu wao usizidi sana asilimia 3.2 ya wastani. Pili, chora majibu kwa mpangilio wa namba ya foleni, utazame kama yanapanda au kushuka kutoka kushoto kwenda kulia. La pili hufichua zaidi. Mchepuko unaweza kuonekana mzuri ilhali kyubu za mwisho zote ziko chini, kwa sababu zege lilianza kukauka wakati mnajaza.

Kwa vifaa visivyoharibika vinapopimwa, kila sampuli hupimwa mara mbili na hesabu hutenganisha tofauti ya sampuli na tofauti ya upimaji. Kyubu huvunjika mara moja tu, kwa hiyo hamwezi kutenganisha hivyo. Mkiona mteremko mkubwa, au mchepuko wa asilimia 5 na kuendelea, raundi isitolewe alama. Wapeni washiriki namba zao bila hukumu, mwandae nyingine.

Hatua ya 5: Kusafirisha

Kyubu sita zina uzito wa karibu kilo 49, kwa hiyo kila maabara ije na gari, si bodaboda. Zifungwe kwa magunia mabichi, juu ya magunia nailoni, zisigongane. Mara zikifika ziingie majini. Kyubu iliyokauka njiani juani hutoa jibu kubwa kuliko ile iliyovunjwa ikiwa imelowa, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani kukauka huidhoofisha. Kwa hiyo maabara iliyozembea inaweza kuonekana hodari.

Pamoja na kyubu, peleka karatasi moja ya maelekezo na fomu moja ya majibu. Fomu iulize zaidi ya namba ya mwisho: vipimo vya kila kyubu, uzito wake, mzigo wa kuvunja kwa kilonyutoni, kasi ya mzigo, muda hadi kuvunjika, aina ya mpasuko, tarehe ya ugezi (uhakiki wa usahihi) wa mwisho wa mashine, joto la maji ya tanki, na picha ya kila kyubu baada ya kuvunjika. Haya yote yataonekana usumbufu hadi siku ya kutafuta chanzo cha jibu baya.

Hatua ya 6: Siku ya kuvunja

Wote wavunje siku moja, siku ya 28, na majibu yatumwe jioni ileile. Muda mrefu kati ya kuvunja na kutuma ni muda wa kupigiana simu. Wakuu wa maabara wanafahamiana, walisoma pamoja, na si lazima mtu awe na nia mbaya: anataka tu kujua kama yuko peke yake.

Kwako wewe mshiriki, kanuni ni moja: pima kama unavyopima kyubu za mteja. Usimwite fundi wako bora aliyeko likizo. Usifanye ugezi wa mashine wiki ileile kwa sababu tu ya raundi. Usivunje kyubu zako mwenyewe pembeni ili kujipima joto. Aliye zamu siku hiyo ndiye afanye, na raundi ijayo iwe zamu ya mwingine. Maabara inayojipamba kwa ajili ya raundi inalipia kupimwa siku ambayo haifanani na siku zake nyingine, na jibu itakalopata halitamlinda mteja wala yenyewe.

Haya ndiyo yanayoleta tofauti kwenye mashine, kwa mpangilio wa yale ninayoyashuku kwanza:

Kasi ya mzigo. EN 12390-3 inataka megapaskali 0.6 kwa sekunde, juu au chini kwa 0.2. Kwa kyubu ya milimita 150, yenye eneo la milimita za mraba 22,500, hiyo ni kilonyutoni 13.5 kwa sekunde, na isitoke nje ya 9 hadi 18. Zege la megapaskali 32 huvunjika kwenye kilonyutoni 720, kwa hiyo ukianzia sifuri ni kama sekunde 53. Ukiona muda wa sekunde 15, fundi alifungua vali yote, na mzigo wa haraka hupandisha jibu. Upande wa pili kuna maabara zilizobaki na kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 1881, kilichotaka 0.2 hadi 0.4.

Uso uliolainishwa kwa mwiko. Kyubu haivunjwi ikiwa imesimama kama ilivyojazwa. Hulazwa ubavu ili nyuso zilizogusa kalibu ndizo ziguse sahani. Fundi mgeni akiisimamisha wima, jibu hushuka, wakati mwingine sana.

Maji na uchafu. Futa maji ya juu, futa chembe za zege la jana kwenye sahani, weka kyubu katikati. Usiiache mezani nusu siku.

Sahani ya juu. Kiungo chake cha duara lazima kicheze kabla ya mzigo kushika, kisha kisigeuke tena. Kikikauka au kikijaa kutu, kyubu hupasuka upande mmoja. Hapa ndipo picha zinapolipa: mpasuko mzuri huacha nyuso nne za pembeni zimepasuka karibu sawa na umbo la piramidi mbili zinazotazamana, wakati mpasuko wa upande mmoja unakwambia mashine au kyubu haikukaa sawa.

Eneo. Wengi hugawanya kwa 22,500 bila kupima. Pima.

Hatua ya 7: Hesabu

Maabara tisa zimetuma wastani wa kyubu zao sita. Yakipangwa kuanzia dogo: 29.0, 30.9, 31.4, 31.8, 32.0, 32.3, 32.9, 33.6, 37.2.

Kwanza tafuta thamani ya kulinganishia. Wastani wa kawaida ni 32.3, na mchepuko sanifu wa kawaida ni 2.2. Ukitumia hizi, maabara ya 37.2 iko michepuko 2.2 tu juu ya wastani. Itapewa onyo dogo na kwenda zake. Tatizo ni kwamba yenyewe ndiyo iliyouvuta wastani juu na kuupanua mchepuko. Imejitengenezea mahali pa kujificha.

Dawa yake ni kutumia takwimu zisizoyumbishwa na jibu moja la pembeni. ISO 13528 ina njia kadhaa. Rahisi kuliko zote inafanyika hata kwa kalamu. Chukua namba ya katikati ya orodha, ambayo hapa ni ya tano: 32.0. Toa kila jibu kwenye 32.0 bila kujali alama: 3.0, 1.1, 0.6, 0.2, 0, 0.3, 0.9, 1.6, 5.2. Zipange, chukua ya katikati: 0.9. Zidisha kwa 1.483, unapata 1.33. Huo ndio utawanyiko halisi wa kundi, na 37.2 haikuweza kuugusa.

Pili, chagua kipimo cha kuhukumu. Mnaweza kutumia 1.33 hiyo, lakini kwa kundi dogo sipendi: kundi lililozembea lote litatawanyika sana, na kila mmoja atafaulu. Afadhali kipimo kinachotoka nje ya kundi. EN 12390-3 inataja mchepuko wa kati ya maabara wa kiasi cha asilimia 4.7 kwa kyubu moja ya milimita 150. Asilimia 4.7 ya 32 ni 1.5, ndiyo ile niliyotumia hatua ya tatu. Kwa kuwa sisi tunatumia wastani wa sita badala ya kyubu moja, kipimo hiki ni cha upole. Kinatosha kwa raundi ya kwanza. Raundi ya tatu kibaneni.

Tatu, alama ya z: jibu la maabara, toa 32.0, gawanya kwa 1.5. Maabara ya 33.6 inapata 1.1. Ya 29.0 inapata -2.0. Ya 37.2 inapata 3.5. Alama kati ya -2 na 2 ni ya kuridhisha. Kati ya 2 na 3, upande wowote, ni ya kutiliwa shaka. Kuanzia 3 hairidhishi na inadai hatua.

Hapa kuna mtego wa makundi madogo. Ile 32.0 nayo haina uhakika kamili, kwa sababu imetoka kwa maabara tisa tu. Kutokuwa na uhakika kwake hukadiriwa kwa 1.25 mara 1.33, kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 9, yaani 3. Ni kama 0.56. Kingekuwa chini ya 0.45 mngekipuuza. Kwa kuwa kimezidi, kiingizeni kwenye kigawanyo: kipeuo cha pili cha jumla ya 1.5 mara 1.5 na 0.56 mara 0.56, ambacho ni 1.6. Alama zinakuwa 3.25 kwa ile ya juu na -1.9 kwa ile ya chini. Ya juu bado imeanguka. Ya 29.0 imetoka ukingoni, na ni haki yake, maana hatukuwa na uhakika wa kutosha kuiweka pale. Mkiwa watano au sita tu, pengo hili huwa kubwa kiasi kwamba alama hazina nguvu; hapo toeni majibu na picha, msitoe hukumu.

Kwa yote haya karatasi moja ya Excel inatosha. Mtu wa pili aikokotoe upya kwa mkono kabla ripoti haijatoka.

Hatua ya 8: Ripoti

Iwe fupi. Jedwali la namba za siri na alama, mchoro wa vigingi ukionyesha kila maabara juu au chini ya mstari, majibu ya zile kyubu 10 za usawa, na aya moja inayosema mratibu ameona nini kwenye fomu. Usipange maabara kwa ushindi, ya kwanza hadi ya tisa. Aliyepata 0.2 si bora kuliko aliyepata 0.9, tofauti hiyo ni bahati ya siku.

Hatua ya 9: Kumtafuta mchawi

Sasa ile maabara yenye 37.2. Kishawishi cha kwanza ni kufunika kombe mwanaharamu apite: kuandika kwenye faili kwamba fundi ameonywa na kupewa mafunzo. Mkaguzi yeyote mzoefu ameisoma sentensi hiyo mara nyingi na haiamini.

Anza kwa kutazama kyubu sita moja moja. Kama zimetawanyika sana, mfano 31 hadi 42, tatizo ni la utunzaji: baadhi zilikauka, kasi ilibadilikabadilika. Kama zote sita zimekaa kati ya 36.5 na 38, upimaji ni thabiti lakini umehama mahali pake. Hapo tafuta kitu kinachogusa kyubu zote sawasawa.

Kisha pima ukubwa wa kosa dhidi ya visababishi. Jibu limezidi kwa asilimia 16. Mashine ya daraja la 1 chini ya ISO 7500-1 inaruhusiwa kukosea asilimia 1 tu ya mzigo. Hata ikiwa imechelewa ugezi, mara chache itapotoka asilimia 16 bila mtu kugundua. Kwa hiyo usikimbilie kumwita mtu wa ugezi kwa gharama kubwa kabla ya kuangalia vitu vya bure: muda wa kuvunja ulioandikwa kwenye fomu, uzito wa kyubu ikilinganishwa na wa wenzake, vipimo vilivyotumika kwenye eneo. Kyubu zenye uzito wa kilo 7.9 wakati wenzake wote wana 8.1 zilikauka. Muda wa sekunde 18 unajieleza. Na kama mtu aligawanya kwa eneo la kalibu ya ukubwa mwingine, jibu litakuwa mbali zaidi ya hapa.

Ukipata unachodhani ni chanzo, kithibitishe. Tumia zile kyubu za akiba: tatu vunja kwa kasi uliyoikuta, tatu kwa kasi sahihi, utazame kama tofauti inatokea. Umri wao umesogea, lakini zote sita zimesogea pamoja. Halafu rudi nyuma kwenye ripoti za wateja. Kama kasi ilikuwa mbaya tangu fundi huyo alipoanza, majibu yaliyotolewa kipindi hicho yalikuwa makubwa kuliko ukweli, na mengine huenda yalipitisha zege lisilofaa. Wateja hao wanapaswa kuambiwa. Hii ndiyo sehemu ngumu ya mwongozo wote, na hakuna fomu inayoirahisisha.

Mwenye -1.9 naye asilale. Hadaiwi hatua, lakini aweke alama yake kwenye daftari.

Raundi zinazofuata

Raundi mbili kwa mwaka zinatosha kuanza kuona mwenendo. Kila maabara ichore alama zake za z kwa mfululizo. Alama tatu mfululizo za upande mmoja, hata zikiwa -1.2, -1.5, -1.1, zinasema zaidi kuliko alama moja ya -2.3. Ndiyo lile swali la mwanzo, kama maabara fulani huwa chini siku zote.

Kwenye raundi ya pili tumieni michanganyiko miwili ya zege, inayokaribiana kwa nguvu, kila maabara ikipokea kyubu tatu za kila mmoja. Kwa maabara moja mchanganyiko hafifu uitwe P na mwingine Q, kwa jirani yake iwe kinyume, na asijue mtu. Simu za jioni zitakuwa hazina faida. Tena mnapata kitu cha ziada: chora jibu la mchanganyiko mmoja kwenye mhimili wa chini na la mwingine kwenye mhimili wa kusimama, kila maabara nukta moja. Mchoro huu ulienezwa na W. J. Youden wa Marekani mwaka 1959. Nukta zikijipanga kwenye mstari wa mshazari kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, tofauti zenu ni za kudumu, za mashine na mazoea. Zikitapakaa duara, ni za bahati tu. Kumbukeni kwamba kyubu tatu zina mtikisiko mkubwa kuliko sita, kwa hiyo alama za z za raundi hii zisomwe kwa uangalifu.

Nondo na udongo

Nondo ni rahisi kuliko zege. Nondo moja ya mita 12 hutoa vipande 20 vya milimita 600, vyote vya chuma kimoja. Vipeni namba kwa mpangilio wa kukatwa na mvigawe kama kyubu. Tofauti nyingi hutoka kwenye eneo: wengine hutumia kipenyo kilichoandikwa kwenye lebo, wengine hupima uzito na urefu na kukokotoa. Elekezeni njia moja.

Udongo ni shughuli nyingine. Ukaushwe hewani, uvunjwevunjwe, uchekechwe, uchanganywe wote pamoja, ndipo ugawanywe kwa kisanduku cha kugawia au kwa robo, kamwe usichotwe kwa koleo kutoka kwenye rundo, kwa sababu kokoto hujitenga na vumbi. Anzeni na unyevu, mipaka ya Atterberg (unyevu ambao udongo hubadilika kutoka ugumu kuwa laini na kisha majimaji) na mtawanyiko wa chembe. CBR (kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo wa barabara) iacheni hadi mzoee: majibu yake hupishana sana hata ndani ya maabara moja, na kikundi kichanga kitavunjika kwa ugomvi kabla hakijajifunza chochote.

Kama mnataka raundi zenu zihesabike kwenye ithibati, iandikieni taasisi ya ithibati kabla ya kumwaga zege, muulize kama itakubali ulinganisho mnaoandaa wenyewe au inataka mtoa huduma wa ISO/IEC 17043 kwa kipimo hicho, na muweke jibu lao la maandishi kwenye faili la raundi.